Nyama ya Pongo na Salamu Zangu

Kila ninapoalikwa kuzungumza na watu kuhusu mageuko ya viumbe, na siku hizi naalikwa mara nyingi kuliko ninavyostahili, nalijua swali la kwanza kabla sijafika. Mtu mmoja atasimama nyuma ya ukumbi, atashika kiuno, atauliza: kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Watu watacheka, watamgeukia yeye, kisha watanigeukia mimi. Nami nitatabasamu tabasamu la mtu aliyesoma, na kutoa jibu ambalo nimelitoa mara nyingi mpaka limekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Nitasema hatukutokana na nyani wa leo, kama ambavyo wewe hukutokana na binamu yako. Wewe na binamu yako mlitokana na babu mmoja, yeye akaenda upande wake na wewe upande wako. Watu huridhika. Wengine huandika.

Jibu hilo ni zuri na ni la kweli. Tatizo lake ni kwamba nilichelewa kulijua. Siku niliyoulizwa kwa mara ya kwanza kama mtu alikuwa nyani nilikuwa na miaka kumi na minane, nimevaa soksi ndefu nyeupe, nimesimama mbele ya madhabahu ya kanisa la kijijini kwetu Iringa, na nilijibu, "Ndiyo." Halafu nikaulizwa swali la pili, na hilo nikalijibu vibaya zaidi. Majibu yote mawili yalimwangukia baba yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nasoma Mbeya, shule ya bweni, wakati ambapo kijana aliyefika darasa la kumi alitazamwa kijijini kama watu walivyotazama trekta: kwa heshima, na bila kujua litatumika wapi. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mwembamba, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka. Siku ya somo lile hakuja na kitabu. Alikuja na kikapu cha maharage aliyonunua soko la Mwanjelwa, kwa wanawake wa Kisafwa walioteremka nayo kutoka mlimani, akayamwaga juu ya meza. Yalikuwepo mekundu, meusi, ya njano, na mengine yenye madoa kama yai la kwale.

"Haya yote ni maharage?" akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Yanafanana?"

"Hapana, mwalimu."

"Na nani anaamua yapi yatapandwa mwakani?"

Mwenzetu mmoja aliyekuwa akisinzia akasema, "Mama."

Darasa likacheka, lakini mwalimu hakucheka. Alisema hilo ndilo jibu bora alilopata tangu aanze kufundisha. Mama anachagua mbegu, alisema, na baada ya miaka mingi ya kuchagua, maharage ya mama huyu si maharage ya mama yule. Porini hakuna mama. Porini wanaochagua ni baridi, njaa na maradhi, nao wamekuwa wakichagua kwa miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Kisha akatueleza sehemu iliyobaki, polepole, mpaka akafika kwa binadamu.

Mwishoni, akiyarudisha maharage kikapuni, akasema, "Jambo hili ni kama haya maharage. Ukila mabichi yatakuumiza tumbo, wewe na uliowakaribisha. Msilipeleke nyumbani kabla halijaiva."

Niliyaandika hata maneno hayo daftarini, chini ya kichwa "Tahadhari", nikayapigia mstari kwa rula. Kisha nikafunga sanduku langu la bati na kulipeleka jambo lile nyumbani bichi kama lilivyokuwa.

Basi la Mbeya kwenda Iringa, mwezi wa Desemba, lilitumia siku nzima na nusu ya siku hiyo tulikuwa chini tukilisukuma kwenye tope. Nililala Mlandege, mjini Iringa, kwa shangazi, dada yake baba, na asubuhi nikashika njia ya miguu kwenda kijijini.

Hapa ni lazima nieleze hali ya baba ilivyokuwa. Alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu kwa miaka mingi, tangu mimi sijazaliwa. Alihubiri, alifundisha watoto katekisimu, alizika wafu, alipatanisha waliogombania mipaka ya mashamba. Kitu kimoja hakuweza kufanya: kushika kikombe cha Chakula cha Bwana. Hiyo ilikuwa kazi ya mchungaji, na mchungaji alikaa mbali, akitufikia kila baada ya miezi mitatu au minne, mvua zikiruhusu. Watu wazee walikufa wakingoja kikombe, huku baba ameketi kando ya kitanda chao na Biblia, bila ruhusa. Nadhani jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Mara mbili jina lake lilipelekwa ili aende kusomea uchungaji, na mara mbili likapitwa na majina ya vijana. Mwaka ule lilikuwa limetajwa kwa mara ya tatu, na wazee wote wa kanisa walikuwa wamelikubali. Lilibaki neno la mchungaji tu, naye angekuja Jumapili ya pili ya Majilio, wiki kama mbili kabla ya Krismasi, kulisema.

Nilipofika nyumbani mama alinifungulia sanduku la nguo na kunionyesha kitambaa cheusi kilichokunjwa ndani ya gazeti. Baba alikuwa amekinunua mjini kwa Mhindi, kwa ajili ya joho la uchungaji. "Usimwambie kwamba nimekuonyesha," mama akasema. "Anaona haya. Anasema amekinunua mapema mno."

Na kulikuwa na habari ya pongo.

Sisi Wahehe kila mtu anarithi kwa baba yake mwiko wa ukoo, kitu ambacho watu wa ukoo ule hawali. Zamani ukikutana na mtu usiyemjua ungeweza kumuuliza hicho kwanza, na kwa jibu lake ukajua kama ni ndugu yako, na kama dada yake anaoleka. Mwiko wa ukoo wetu ni pongo, yule mnyama mwekundu mwenye madoa meupe anayejificha kwenye vichaka vya mabondeni. Sasa, katika mtaa wetu wazee wa kwanza wa kanisa walikuwa wameweka desturi yao: mtu mzima akibatizwa, alikula mwiko wake mbele ya usharika, ili ionekane kwamba hofu ya zamani imekwisha. Wengi walikula bila shida. Nyama ni nyama, na haikupatikana kila siku.

Baba hakupita njia hiyo. Alibatizwa akiwa kijana shuleni, mbali, ambako hakuna aliyejua desturi ile. Aliporudi tayari ni Mkristo, tena mwalimu wa wengine, nani angemwambia athibitishe? Ila kila sikukuu pongo alipopikwa, baba alisema kwa upole, "Tumbo langu halipatani na pongo," na mtu mmoja akamsogezea bakuli la maharage. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mkuu wa wazee wa kanisa mwenyewe, rafiki yake wa tangu utoto. Ilikwenda hivyo zaidi ya miaka ishirini. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Mimi nilijua pia, kama nilivyojua ulipo mlango wa nyumba yetu, na sikuwahi kufikiri kwamba jambo linalojulikana na wote linaweza kuwa siri.

Jumapili ya pili ya Majilio ikafika, na mchungaji akafika, amelowa mpaka magotini. Kanisa lilijaa. Baba alihubiri, mchungaji akatoa Chakula cha Bwana, na baada ya matangazo mkuu wa wazee akasimama na kusema kwamba kijana wetu aliyetoka Mbeya atupe salamu.

Hiyo ilikuwa desturi nyingine yetu, na nasikia ipo mpaka leo. Anayetoka mbali husimama mbele na kuleta salamu za huko. Salamu zenyewe zinajulikana: Mbeya ni wazima, mvua zimeanza, Wakristo wa huko wanawasalimu, tunaomba mtuombee. Dakika mbili zinatosha. Wenzangu wote waliosoma walitoa salamu hizo hizo na kuketi.

Mimi niliona kwamba watu wangu wanastahili zaidi.

"Kamweneee," nikaanza kwa salamu ya Kihehe, na kanisa likaitikia. Nikasema Mbeya ni wazima. Nikasema mvua zimeanza. Kisha nikasema kwamba huko tumejifunza jambo kubwa, ambalo watu wengi wa huku bado hawalijui, nalo ni jinsi viumbe vyote vilivyopata kuwa kama vilivyo. Nikaeleza habari ya maharage. Hapo walinifuata vizuri, hasa wanawake, na mmoja akamnong'oneza jirani yake kwa sauti iliyofika madhabahuni, "Huyu wamempeleka mpaka Mbeya kujifunza mbegu? Angeniuliza mimi."

Nikawaacha kwenye maharage na kupanda juu: samaki, mijusi, ndege, wanyama wanaonyonyesha. Sikuwa na picha, nikaonyesha kwa mikono. Nilipofika kwa binadamu, mzee mmoja wa benchi la mbele akainua fimbo yake.

"Samahani, mwanangu. Unasema mtu alikuwa nyani?"

Mwalimu wangu angejibu kwa dakika kumi. Mimi nilikuwa na neno moja.

"Ndiyo."

"Haya. Basi hao nyani wa shamba langu, wanaokula mahindi yangu kila mwaka. Mbona wao hawabadiliki?"

"Watabadilika, babu. Inachukua muda."

"Wakibadilika watakuja kupalilia?"

Kanisa likacheka. Bibi mmoja upande wa wanawake akasema, "Wakishakuwa watu hawatapalilia. Watakwenda Mbeya kusoma." Wakacheka zaidi, na baba alicheka pia. Alikuwa ameketi kwenye kiti kilichokuwa kando ya madhabahu, mikono juu ya magoti, na ingawa hakuyaelewa niliyokuwa nikisema, alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyojenga mwenyewe. Kama ningeketi hapo, ningekumbukwa kama mtoto wa mwinjilisti aliyeleta vichekesho, na pengine ndiyo ingekuwa kazi yangu ya maisha.

Lakini mchungaji akainamisha kichwa, akauliza bila ukali wowote, "Na nyumbani, kijana, umewaeleza wazazi mambo haya? Mwinjilisti wetu anasemaje?"

Sikuwa nimemweleza baba neno hata moja. Ningeweza kusema hivyo tu. Ila niliona aibu baba yangu aonekane hajui kitu ambacho mimi najua, mbele ya mtu aliyekuja kumpima. Nikataka kumpandisha. Na akilini mwangu mfano ukaja, mzuri, unaotoka kwetu wenyewe, si wa vitabuni.

"Baba hakuhitaji kuelezwa," nikasema. "Wahehe walijua tangu zamani kwamba wanyama ni ndugu zetu. Ndiyo maana baba mpaka leo hali pongo."

Nilingoja wacheke au washangae. Hakuna aliyecheka. Mkuu wa wazee alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo, akakifungua, akakifunga. Baba aliendelea kunitazama vilevile, na tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda, kama kitu kilichosahauliwa mahali. Mchungaji akamgeukia.

"Ni kweli, ndugu?"

Baba akasema, "Ni kweli simli."

Hakusema habari ya tumbo. Madhabahuni hakuweza.

Baada ya ibada wazee waliingia chumba cha nyuma pamoja na mchungaji na baba. Mimi nilisimama nje chini ya ukingo wa paa, mvua ikinyesha mbele ya pua yangu, bado nikiamini kwamba wanajadili nadharia. Mkuu wa wazee alipotoka alinipita, kisha akarudi.

"Tulijua sisi sote," akaniambia. "Unafikiri tulikuwa vipofu? Tulikuwa tumelifunika, kijana. Wewe umekuja kulifunua mbele ya mchungaji, tena umesema baba yako anamwita mnyama ndugu. Sasa mimi nitasimamaje kusema sikujua?"

"Mimi sikusema hivyo, mzee. Mimi nilikuwa naeleza sayansi."

"Hiyo sayansi," akasema, "ungeieleza kwa watu wasiokujua."

Uamuzi haukuwa mkali. Mchungaji alikuwa mtu mwema na sina la kumlaumu. Alisema jina litakwenda bila tatizo, ila neno limekwisha kusemwa kanisani na lazima lijibiwe kanisani. Atarudi Krismasi. Kutakuwa na chakula cha usharika, na vijana watatega nyavu, watapata pongo. Mwinjilisti ale kipande kimoja mbele ya watu, na habari iishe. "Kipande kimoja tu, ndugu yangu," alimwambia baba. "Kidogo kama kidole."

Baba alimweleza mama hayo tulipokuwa tukila mchana. Alieleza kama mtu anayetaja ratiba ya safari. Nilipoweka kijiko chini na kuanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Ulisema uongo?"

"Hapana, baba. Lakini..."

"Basi kula."

Siku zilizofuata nilikuwa nikimtazama kama tulivyofundishwa kumtazama chura darasani, na sikupenda nilichokiona. Alipungua maneno. Alikwenda kuona wagonjwa na kurudi. Siku moja mama alipata kwa jirani kipande cha pongo mkavu, akakichemsha mpaka kikalainika, akakiweka mezani mchana, akatoka nje na kuniambia nami nitoke. Baba alifunga mlango. Tulikaa jikoni, mama akichambua mbegu za mahindi zilizoning'inia juu ya moshi, anatupa huku, anaweka kule, macho yake mlangoni. Nilitamani kumwambia kwamba anachofanya kina jina darasani kwetu. Kwa mara ya kwanza nilinyamaza.

Mlango ulipofunguliwa, baba alitoka na sahani. Akamwita mbwa, akaiweka chini. Mbwa alikula mara moja, akalamba sahani mpaka ikasogea.

"Huyu hana ukoo," baba akasema, akaenda shambani.

Krismasi mvua ilikatika. Baada ya ibada watu waliketi nje kwenye majani, wanaume huku na wanawake kule, na sufuria kubwa zikafunuliwa. Ulanzi, pombe ya mianzi, haukuruhusiwa kwenye eneo la kanisa, kwa hiyo baadhi ya wazee walikuwa wamekwisha kunywa wao nyumbani, na walikuwa wachangamfu kidogo kuliko siku ilivyohitaji. Pongo wawili walikuwa wamepatikana. Mkuu wa wazee mwenyewe alimpakulia baba: ugali, mchuzi, na kipande kimoja, kidogo, kidogo kuliko vyote. Nadhani alikuwa amekitafuta. Alimwekea sahani mbele yake kwa mikono miwili.

Mchungaji akaomba. Watu wakaanza kula, yaani walijifanya wanaanza kula.

Baba alikata ugali, akachovya, akakichukua kile kipande, akakiweka kinywani. Akatafuna. Mtu mmoja akasema "Asante Yesu" kwa sauti ya chini. Baba akaendelea kutafuna. Watu walirudi kwenye sahani zao, mazungumzo yakaanza tena, watoto wakamaliza na kuomba nyongeza, na yeye bado anatafuna, macho yametulia juu ya nyasi, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Nilikuwa nimeketi hatua chache kutoka kwake. Niliona koo lake likijaribu. Lilipanda na kushuka, likapanda tena, likakataa.

Akatoa kitambaa mfukoni, akajifuta mdomo taratibu kama mtu mwenye adabu amalizapo kula, akakikunja mara nne, akakirudisha mfukoni. Akasimama. Akamwendea mchungaji, akainama kidogo, akampa mkono.

"Unisamehe, mchungaji," akasema. "Imekataa."

Kisha akaenda nyumbani kwa njia ya shambani. Hakuna aliyemfuata. Mkuu wa wazee aliendelea kutazama ndani ya sahani yake, na bakuli la maharage lililokuwa karibu naye halikuwa limeguswa na mtu.

Jina halikwenda. Mwezi wa pili, nilivyoandikiwa, walimwomba pia apumzike kuhubiri, kwa sababu imekuwa vigumu kuwaambia wengine wale miiko yao. Lakini hilo nililijua baadaye. Mimi niliondoka Januari kurudi shuleni, na baba alinisindikiza mpaka njia kubwa, amebeba sanduku langu begani. Nilimwomba nilibebe mwenyewe, hakukubali. Karibu na daraja akaniuliza:

"Hivi huyo mwalimu wako. Alisema kiumbe kinachukua muda gani kubadilika?"

Nilifurahi kuulizwa, Mungu anisamehe. "Muda mrefu sana, baba. Maelfu na maelfu ya miaka. Tena si kiumbe kimoja. Mmoja habadiliki, anazaliwa alivyo na anakufa alivyo. Ni vizazi na vizazi."

Akatembea hatua kadhaa akilifikiria.

"Mimi walinipa wiki mbili," akasema.

Alisema bila uchungu, karibu kwa mzaha, kisha akalihamishia sanduku bega la pili. Tulipofika barabarani akaniombea, akanipa mkono, akasubiri mpaka lori lilipokuja.

Mlandege nilimkuta shangazi na habari zote, kwa kuwa habari za kwetu zilifika mjini kabla ya watu. Alinipikia, akaniacha nishibe, ndipo akaanza.

"Wewe unafikiri kaka yangu anaogopa pongo?"

"Sijui, shangazi. Nilifikiri ni imani ya zamani."

"Imani," akasema. "Baba yetu alichukuliwa kubeba mizigo ile vita ya Wajerumani na Waingereza. Kaka yangu alikuwa hivi." Akaonyesha usawa wa kiuno chake alivyoketi. "Asubuhi wanapomchukua, mama alikuwa amepika. Baba akamwita kaka akamwambia, sisi hatuli pongo, usisahau. Basi. Hakurudi. Shamba lilichukuliwa na wengine, ng'ombe hatukuwa nao. Baba hakutuachia hata kijiti. Neno hilo la pongo ndilo aliloachiwa kaka yangu. Sasa wewe unakwenda kusimama kanisani kusema anamwona pongo ndugu yake." Akaanza kukusanya sahani. "Mmesoma nini huko?"

Tulisoma urithi. Tulikuwa na sura nzima kuhusu urithi, na mimi ndiye niliyeongoza kwenye mtihani wake. Nilijua mtoto anavyorithi kimo, rangi ya macho, na umbo la sikio.

Katikati ya mwaka kifurushi kilinifikia shuleni kutoka kwa mama. Ndani mlikuwa na suruali nyeusi, mpya, ya kitambaa kizito kizuri, na karatasi aliyomwandikisha mtu: baba yako anasema kitambaa kisiliwe na nondo bure. Niliivaa mpaka nilipomaliza darasa la kumi na mbili. Ilikuwa suruali bora kuliko zote bwenini. Siku moja mwalimu wa sayansi alinisimamisha koridoni, akaitazama, akauliza nani fundi wangu.

"Mama, mwalimu."

"Mwambie ana mkono mzuri," akasema. Kisha akakumbuka jambo. "Na lile somo letu, hukulipeleka nyumbani?"

Nikasema hapana.

Baba alifariki kabla muongo ule haujaisha, kwa homa ya mapafu, msimu wa baridi. Mwezi wake wa mwisho aliomba Chakula cha Bwana na mchungaji akachelewa njiani. Aliyemzika alikuwa mchungaji kijana, mmoja wa wale ambao baba aliwafundisha katekisimu wakiwa hawajajua kusoma, na joho lake lilikuwa refu kidogo kwake, likigusa udongo. Mkuu wa wazee wa kanisa alilia kuliko watoto wa marehemu. Mimi nilitoa neno la shukrani kwa niaba ya familia. Lilichukua dakika mbili.

Baada ya hapo nilikwenda chuo kikuu, nikasoma zaidi mambo yale yale, na leo nayajua yameiva kabisa. Nimewaeleza walimu, wanafunzi, wachungaji pia, na sijawahi kumpoteza msikilizaji kwenye swali la nyani. Mfano wa pongo siutumii, ingawa ni mfano mzuri.

Mwaka juzi baada ya mazungumzo kama hayo, mwenyeji wangu alinikaribisha kwake chakula. Mkewe alileta nyama yenye harufu nzuri, akasema kwa fahari kwamba ni pongo, shemeji yake ameileta kutoka porini. Mimi siamini mwiko wowote. Nina shahada mbili zinazothibitisha kwamba siamini. Niliinua kijiko, nikakishusha, na nikasikia sauti yangu, ya upole sana, ikisema kwamba tumbo langu halipatani na pongo.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Mwenyeji wangu, mtu mwenye adabu, akasogeza sahani ile upande wa pili, akanisogezea maharage.